Mume wa Mwahija binti Abdala

Redio ilipoitaja Tanga, watu waliokaa kwenye mabao ya kukalia nje ya mgahawa walishangilia kama kwamba Tanga ni mtaa wa pili. Ilipoitaja Mwanza wakashangilia tena, ingawa hapakuwa na hata mmoja wao aliyewahi kufika Mwanza. Miji mingi ya Tanganyika ilikuwa imechagua madiwani wake siku hiyo, na mtangazaji kule Dar es Salaam alikuwa akiyasoma matokeo mji baada ya mji, sauti yake mara ikisikika kama yu jirani, mara ikizama kwenye mikwaruzo. Akaitaja Mikindani. Kisha akasema matokeo ya Lindi bado hayajafika.

"Hayajafika wapi?" mzee mmoja akauliza. "Sisi si tuko hapa hapa Lindi?"

"Lazima yaende Dar es Salaam kwanza, ndipo yarudi tuambiwe," mwenzake akamjibu, na bao zima likacheka.

Bakary Dadi hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni, kikombe cha kahawa kimempoa mkononi, macho yake kwenye ukumbi wa baraza la mji ng'ambo ya barabara. Mle ndani kura za kata zote za mji zilikuwa zikihesabiwa kwa mwanga wa karabai, na mle ndani alikuwamo mkewe, Mwahija binti Abdala, mkunga wa Mtanda, mwanamke pekee aliyegombea udiwani Lindi nzima. Naye Bakary, kinyozi, mumewe wa ndoa moja tangu ujana, alikuwa ametoka kusali magharibi na kumwomba Mungu, kwa maneno yasiyo na mafumbo, mkewe ashindwe.

Hakuomba hivyo kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu.

Mwahija alikuwa akishindana na Tawakali Kudra, mwenye duka kubwa kuliko yote Mtanda. Kwa miaka mingi kiti cha kinyozi cha Bakary kilikaa kwenye baraza ya duka hilo, kivulini, mahali ambapo mtu hawezi kwenda sokoni wala msikitini bila kupita. Juma lile majina ya wagombea yalipobandikwa, Tawakali alimwendea akiwa na tabasamu. "Bwana Bakary, mimi sikufukuzi. Lakini watu wataona ajabu. Mkeo ananipinga, nawe unakula kivuli changu?" Bakary akajitwisha kiti chake kichwani, mchana, watu wakimwangalia, akaenda kukiweka ubavuni mwa soko la samaki. Huko inzi waliwatua wateja usoni wakiwa na povu la sabuni, na wateja hawakurudi.

Kisha yakaja maneno. Vijana walimwita Mama Diwani. Wazee wenziwe walimuuliza leo kaunga mchuzi gani. Hata imamu, mtu mpole, alimshika mkono siku moja baada ya sala na kumwambia, "Subira, Bakary, subira," kama mtu anayempa mkono wa rambirambi.

Bakary alisubiri. Nyumbani alimkuta Mwahija amerudi kutoka mikutanoni, vumbi limempanda mpaka magotini, sauti imemkauka. Alikuwa akila tonge mbili tatu na kusinzia kabla hajanawa. Lakini kabla ya kusinzia alimuuliza kila mara, "Baba Mboni, leo nilisemaje?" Kwani alijua kwamba mumewe, pamoja na kununa kwake kote, alikuwa akisimama nyuma ya watu gizani, akisikiliza.

"Ulisema vizuri," Bakary alikuwa akijibu. "Ila usimtaje Tawakali kwa jina. Sema maji tu. Watu wanajua nani anauza maji."

Na kweli walijua. Bomba la Mtanda lilikuwa limekauka tangu kiangazi cha mwaka juzi, na baraza la mji lilikuwa halijapata nafasi ya kulizungumza. Tawakali alikuwa na tangi la saruji nyuma ya duka, akiuza maji kwa debe. Asiyeweza kununua aliamka alfajiri akaenda kupanga foleni kwenye bomba la mtaa wa wakubwa, akasimangwa na walinzi. Ndiyo iliyokuwa habari yote ya Mwahija. Hakuwa na nyingine.

*

Mtu mmoja alitokea barabarani akitweta, mwembamba, suruali yake imeingia matope mpaka mapajani. Alisimama mbele ya mabao, akashindwa kujua amwamkie nani.

"Shikamooni wazee. Namtafuta mkunga. Bi Mwahija."

Jina lake lilikuwa Klementi, mkulima wa Kitomanga. Alikuwa akimleta mkewe hospitali kwa lori la korosho; lori likakatika ekseli Mtanda, karibu kabisa na kufika. Mkewe, Veronika, hakuweza hata kukaa, seuze kutembea. Wanawake wa pale walimwingiza kwenye nyumba moja ya barabarani, wakamtazama, wakatazamana, wakamwambia mumewe akimbie akamlete Bi Mwahija, upesi.

Habari ilipoingia ukumbini, Mwahija alitoka hapo hapo, akijifunga kanga kiunoni. Nyuma yake alikuja Siti, jirani yake, aliyekuwa amemwandalia mikutano yote na kugombana na nusu ya mji kwa ajili yake.

"Mwahija, una wazimu?" Siti alisema. "Wanafungua sanduku la Mtanda sasa hivi! Wataiba kura mbele ya macho yetu."

"Kuna mtu yuko kwenye uchungu, Siti."

"Mtu wa Kitomanga! Hata kura hapa hapigi."

"Mtoto naye hapigi kura. Nimwambie arudi ndani?" Mwahija alimgeukia Klementi. "Mtoto wa ngapi?"

"Wa tatu, mama. Wawili wa kwanza hawakuishi."

Mwahija alimtazama mumewe, pale pembeni mwa bao. "Baba Mboni, ingia ukae mahali pangu."

"Mimi?" Bakary aliinuka nusu. "Mimi sijui mambo yale."

"Hesabu si unajua? Kaa uangalie mikono yao. Basi." Alikwisha kuvuka barabara. Klementi alikuwa akimkimbilia nyuma, mwanamume mzima akishindwa kufuatana na bibi wa miaka hamsini.

Mtu mmoja kwenye mabao akasema kwa sauti ya juu, "Haya, Mama Diwani, kitini!" Bakary alivuka barabara kicheko kikimsindikiza mgongoni.

*

Ukumbini kulikuwa na joto la taa na la watu. Karani alimwonyesha kiti cha mgombea, na Bakary alikikalia kwa ncha, mikono juu ya magoti. Upande wa pili wa meza alikaa Tawakali Kudra katika kanzu ya hariri, akijipepea kwa kofia. Kwenye meza ya mbele Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya, Mwingereza kijana mwenye shingo nyekundu, alikuwa akiandika.

"Karibu, Bwana Bakary," Tawakali alisema chini kwa chini. "Usijisumbue na haya. Mambo yakiisha rudi na kiti chako barazani. Mimi sina kinyongo. Kesho asubuhi, ukitaka."

Bakary alisikia kifua chake kikilegea. Baraza. Kivuli. Wateja wakisalimiana juu ya kichwa cha anayenyolewa. Mwahija nyumbani jioni, miguu yake safi, wakizungumza habari za binti yao Mboni na wajukuu. Aliitikia kwa kichwa, akaanza kuangalia mikono kama alivyoagizwa.

Alama ya Tawakali ilikuwa mizani, ya Mwahija kinu. Makarani wawili walizikunjua karatasi na kuzigawa mafungu mawili. Mwanzoni Bakary aliangalia tu. Baadaye aligundua kwamba kila karatasi ya kinu ilipolala mezani, nyuma yake kuna mtu aliyekwenda kupiga kura, mtu ambaye jina lake alilijua. Hii labda ya yule mpagazi aliyezaliwa pamoja na pacha mwenzake kwa mkono wa Mwahija, usiku wa mvua. Hii ya mwalimu wa chuoni. Hii ya mwanamke mmojawapo kati ya wale wachache walioandikishwa; wengi waliachwa, kwa kuwa nyumba ziliandikwa kwa majina ya waume zao. Na moja kati ya hizo ilikuwa yake mwenyewe. Kwani Bakary, aliyeomba mkewe ashindwe, asubuhi ile alikuwa ameingia kwenye chumba cha pazia na kuweka alama kwenye kinu bila kusita hata kidogo. Mguu mmoja ulikuwa huku, mwingine kule.

Fungu la kinu likapanda. Likapanda tena. Tawakali aliacha kujipepea.

Hatimaye karani alinong'ona kwenye sikio la Bwana Shauri, naye akasimama na kusoma kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi: kata ya Mtanda, Bwana Tawakali Kudra ameshinda, kwa kura tisa.

Watu wa Tawakali walipiga makofi. Siti, aliyesimama mlangoni, alifunika uso kwa buibui. Bakary alibaki amekaa. Dua yake ilikuwa imepokelewa, tena siku ile ile, na katika maisha yake yote hakuwahi kuchukia kupokelewa kwa dua kama alivyochukia ile. Akilini alimwona Mwahija akiwahutubia kuku uani, akijifunza mahali pa kupumzika katika hotuba. Alimwona akisinzia na tonge mkononi. Tisa! Watu tisa wanaotosha kwenye mkeka mmoja.

Alishtuka kujikuta amesimama.

"Zihesabiwe tena," alisema.

Hapakuwa na aliyemsikia, kwa hiyo alisema tena, na safari hii sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Bwana Shauri! Zihesabiwe tena!"

Ukumbi ukacheka. Bwana Shauri aliinua kichwa. "Wewe ni nani?"

Kwa wiki nyingi swali hilo lilikuwa likimjia Bakary kwa namna ya mzaha, na kila mara alilikwepa. Sasa hapakuwa na pa kukwepea. Alivua kofia, kisha akaona hakuna sababu ya kuivua, akaivaa.

"Mimi ni mume wa Mwahija binti Abdala," alisema. "Yeye yuko kazini. Kanikalisha hapa niangalie, nami nimeangalia. Yule karani wa kushoto aliweka karatasi mbili za kinu kwenye fungu la mizani, zilikuwa zimegandana. Simwiti mwizi. Amechoka, na taa hii inaumiza macho. Lakini nimeziona."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Tawakali aliinuka. "Bwana Shauri, huyu ni kinyozi tu, hajui—"

"Ninajua kuangalia mkono," Bakary alisema. "Nisingejua, wewe usingekuwa na masikio."

Hapo ukumbi ulicheka tena, lakini sasa kicheko kilikuwa kimegeuka upande. Bwana Shauri aliuma kalamu, akatazama saa, akatazama kiti kile cha mgombea, akaamuru zihesabiwe.

Zilihesabiwa. Karatasi mbili zilitoka kwenye fungu la mizani, zimegandana kama alivyosema, zikahamia kwenye fungu la kinu. Makarani walirudia mara ya tatu ili kuondoa shaka, na Bwana Shauri akasimama tena. Bwana Tawakali Kudra alikuwa ameshinda kwa kura tano.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kweli yake. Bakary aliipokea kwa kuinamisha kichwa. Tawakali alizunguka meza akampa mkono, jasho likimtiririka.

"Umetuchelewesha chakula, bwana. Lakini nilichosema nimesema. Baraza ni yako."

"Ahsante, Bwana Tawakali," Bakary alisema. "Mungu akuzidishie. Nimekwisha zoea samaki."

Alipopita mgahawani, redio ilikuwa bado ikiomba radhi: matokeo ya Lindi yalikuwa hayajafika. Watu kwenye mabao walimtazama. Safari hii hapakuwa na aliyemtania, na mzee mmoja akasogea kidogo kumpa nafasi. Hakukaa.

*

Njia nzima alitafuta maneno. Alifikiria kuanza na zile kura mbili. Alifikiria kuanza na Mungu. Alipofika kwenye ile nyumba ya barabarani, Klementi alikuwa amechuchumaa ukutani, kichwa katikati ya mikono, na kutoka ndani ilisikika sauti ya Mwahija, ile ile iliyokauka kwa mikutano, ikisema, "Haya, mwanangu, haya, mara moja tu tena." Bakary akachuchumaa kando ya yule mgeni. Wakakaa hivyo wanaume wawili, mmoja akisubiri habari na mwingine amebeba habari.

Kilio cha mtoto kilikuwa chembamba, kikakatika, kikarudi kwa nguvu. Klementi aliinuka, akakaa, akainuka tena.

Baada ya muda Mwahija alitoka na beseni, akamwaga maji uani. "Wa kike," alimwambia Klementi. "Ana kelele kama Siti. Mama yake yu mzima. Ingia, lakini usimkumbatie mkeo kama gunia la korosho, polepole." Kisha akamwona mumewe. Aliweka beseni chini.

Bakary alikuwa amesahau yote aliyoyapanga. "Tano," alisema.

"Tano gani? Mbele au nyuma?"

"Nyuma."

Mwahija alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa ameshinda na watu siku nzima akiwatia moyo, na usoni kwake ulionekana uchovu wa mtu anayetua mzigo akagundua kwamba bega limechubuka. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Klementi alirudi mlangoni, amesikia, mkono mmoja ameshika fremu.

"Mama, ni mimi niliyekutoa kule. Pengine ungekuwapo…"

"Kura zilikuwa zimekwisha pigwa, baba. Ningekaa pale ningezaa kura?" Alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nenda kwa mwanao." Klementi alipoondoka alimgeukia Bakary. "Tano. Na watu wetu wamekubali?"

"Zilikuwa tisa. Zikahesabiwa tena."

"Nani aliyetaka zihesabiwe tena? Siti?"

Bakary alitazama vidole vyake. "Mimi."

"Wewe."

"Nilisimama."

"Mbele ya Bwana Shauri?"

"Mbele ya watu wote. Nilimwambia Tawakali habari za masikio yake." Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, alimsimulia yote, mpaka la kofia, kuivua na kuivaa. Mwahija alianza kucheka kabla hajamaliza kulia, akawa anafanya yote mawili, mkono mdomoni asimwamshe mzazi.

"Na walipokuuliza wewe ni nani, ukasemaje?"

"Nikasema ndimi mume wako. Ningesema nini kingine?"

Mwahija aliushika mkono wake akautumia kuinukia, na walipokwisha kuagana na wenye nyumba alikuwa bado hajauachia, barabarani, watu wakipita, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya hata walipokuwa vijana.

*

Nyumbani wanawake walijaa mpaka uani. Mboni alikuwa amepika pilau la ushindi tangu alasiri, na habari ilipofika hakujua alipakue au alimwage. Sufuria zilikuwa juu ya mafiga, moto umetolewa, watu wamekaa kama kwenye matanga. Siti alikuwa ameegemea ukuta, macho yamevimba.

Mwahija alisimama mlangoni. "Mbona hampakui? Nani amekufa?"

"Mama, wageni hawana hamu," Mboni alisema.

"Mimi ninayo. Tangu asubuhi sijatia kitu tumboni, na nimezalisha. Pakua, mwanangu. Na sinia ya kwanza ipelekwe kwa Veronika, kwenye nyumba ya barabarani, yenye mchuzi mwingi."

Sinia zikatoka. Mwanzoni walikula kimya, kwa adabu, lakini njaa haina adabu kwa muda mrefu. Hata yule mmoja aliyemwita Bakary Mama Diwani alitokea uani, akakohoa, akaulizwa anangoja nini, akanawa. Bakary mwenyewe alikuwa akizunguka na birika na beseni akiwanawisha watu, hapakuwa na aliyemtuma, wala hapakuwa na aliyecheka.

Waliposhiba Mwahija aligonga sinia kwa kijiko.

"Sikilizeni. Tawakali ni diwani wetu. Kachaguliwa, si kwa wizi. Mume wangu kahakikisha. Kwa hiyo kesho asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, sote tutakwenda nyumbani kwake kumpa mkono wa heri."

"Mimi siendi," Siti alisema. "Nife kwanza."

"Utakwenda. Walioandikishwa na wasioandikishwa, kila mwanamke wa Mtanda. Diwani lazima awajue watu wake. Na kila mmoja aje na ndoo tupu. Tutakaa pale barazani, kwa heshima, tutampongeza, tutazungumza naye habari za bomba. Hatuna haraka. Tutazungumza mpaka atakapoelewa."

Siti, macho yake yakiwa bado yamevimba, alipiga kigelegele kilichofika mtaa wa tatu, na wengine wakakidaka.

Bakary aliweka birika chini. "Na wanaume je?" aliuliza. "Sisi tufanyeje?"

Mwahija alimtazama juu mpaka chini, mumewe, amelowa maji mpaka viwiko.

"Kwani wanaume hawaogi?"